Shimo la Saba Liko Uani Kwangu

Wa kwanza kujua siku zote alikuwa mfuniko wa sufuria. Gizani, kabla jogoo hajawika, ulikuwa unaanza kucheza wenyewe pale jikoni na kulia: kiti, kiti, kiti, kiti. Mimi nimelala na mwanangu Chausiku amenikumbatia shingo, nasikia, najua leo ni Jumamosi. Vikombe navyo vinaitikia, kioo cha dirisha kinaanza kulia, halafu ndiyo msafara wenyewe unapita barabarani: pikipiki za ving'ora, magari ya vioo vyeusi, gari la wagonjwa na daktari wake ndani, lori la maji ya kunywa, na nyuma kabisa basi dogo lililobeba fimbo za gofu, zimekaa kwenye viti, zimefungwa mikanda.

"Mama, wanaenda vitani?" Chausiku aliniuliza asubuhi moja.

"Wanaenda nyumbani," nikamwambia.

Sikumdanganya. Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja kwa sababu yenyewe inajijua, kila mheshimiwa anayecheza gofu ana kiwanja chake kinachoitwa kiwanja cha nyumbani. Kiko Kileleni, juu kabisa milimani, kwenye baridi. Wakoloni walikiweka huko kwa sababu ya joto la kwetu bondeni, na tulipopata uhuru tukarithi kiwanja pamoja na baridi yake. Kwa hiyo mheshimiwa anaamka kwake, anaaga watu wa kwake, anasafiri nusu ya nchi, ndipo anafika nyumbani.

Tulikuwa tunawaonea huruma. Nasema kweli. Mimi mwenyewe najua safari ni nini. Chausiku nilimzaa njiani, nyuma ya baiskeli ya mizigo, tukiwa bado hatujaiona hata taa ya hospitali ya wilaya, na jina lake limetoka humo humo gizani. Lakini ule ulikuwa umbali wa kawaida. Haukuwa umbali wa gofu.

*

Mambo yalibadilika alipokuja mtaalamu kutoka nchi zilizobarikiwa. Aliletwa kupima maendeleo. Akaonyeshwa shule, akasinzia. Akaonyeshwa visima, akapiga picha. Alipofikishwa Kileleni akauliza swali moja tu: hawa wachezaji wanatoka wapi? Alipojibiwa, alivua miwani. Akaeleza kwamba kwao mchezaji wa gofu hutoka nyumbani na kikombe chake cha chai, na akifika kiwanjani chai bado ina moto. Kwetu chai inapoa, inamwagwa, inachemshwa nyingine, nayo inapoa, na bado mheshimiwa hajavuka mto.

Usiku huo redio zote zilijiunga na redio ya taifa. Mheshimiwa Lutambi, ambaye wakati ule alikuwa Waziri wa Mambo Yaliyobaki, alisoma hotuba huku analia.

"Ndugu wananchi," alisema, "mchezaji gofu wa nchi hii ni yatima wa kijiografia. Ametengwa na nyasi zake. Ametengwa na mashimo yake. Je, taifa linaweza kujiita huru ilhali kiongozi wake hawezi kukifikia kiwanja chake kabla ya mgongo kuuma? Nasema hapana! Na mgongo wangu unasema hapana!"

Bungeni mama mmoja wa viti maalumu aliomba mwongozo: vipi kuhusu umbali wa wajawazito kwenda hospitali? Spika akamwelekeza kwa upole kwamba huo ni umbali mwingine, aulete siku nyingine, kwa utaratibu mwingine. Kisha wakapitisha kwa kauli moja kuundwa kwa Wizara ya Ukaribu. Mheshimiwa Lutambi akawa waziri wake. Makao makuu ya Wizara ya Ukaribu yakawekwa mpakani mwa nchi, kwa sababu za kiusalama.

*

Afisa Ukaribu wa mtaa wetu alikuwa kijana anaitwa Kapinga, ana tai fupi na kipaza sauti kirefu. Alituita mkutanoni uani kwa Bi Mwatum, jirani yangu anayekaanga vitumbua, akasimama mbele yetu, karibu kiasi kwamba angeweza kunong'ona, akawasha kipaza sauti.

"Hongereni!" akapiga kelele. "Wizara imewachagua! Kiwanja cha gofu kinakuja kwenu!"

"Kwetu wapi, mwanangu?" Bi Mwatum akauliza. "Hapa pamejaa nyumba."

"Nyumba hazitabomolewa, bibi. Serikali yenu ni ya huruma. Kitaalamu, kiwanja cha gofu lazima kiwe na vikwazo. Wengine wanatumia mchanga, wengine wanachimba mabwawa kwa gharama kubwa. Sisi tunao tayari. Kikwazo ni ninyi."

Watu wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, maana kwa miaka mingi hatujawahi kupewa cheo chochote.

Ndipo akatusomea masharti. Kikwazo kiendelee na maisha yake kama kawaida, isipokuwa mchezaji anapolenga. Mchezaji akilenga, kikwazo kisitembee, kisiongee, kisipige chafya wala kukaanga kitu chenye harufu.

"Na kikwazo kikibanwa na mkojo?" akauliza Bi Mwatum.

"Kitaomba kibali."

"Kwako?"

"Kwangu, nami nitaomba juu."

"Basi, mwanangu, anza kuomba sasa hivi, maana mimi nina sukari."

Tulicheka sana. Kapinga alisubiri tumalize, akasoma sharti la mwisho, na hapo kicheko kikaisha. Kikwazo kitakachochelewesha mchezo, au kitakachomeza mpira, kitawekwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kuondolewa.

Nikaitazama nyumba yetu. Ina vyumba viwili na matumaini ya cha tatu: nondo zimesimama juu ya ukuta zinasubiri. Baba Chausiku ni fundi wa kuchomelea mageti. Amechomelea mageti ya watu wenye nyumba kubwa ili apate matofali ya nyumba ndogo. Mimi nilikuwa nachanganya udongo mchana, jioni nasoma elimu ya watu wazima, nikirudi nalala usingizi wa mawe. Kile chumba cha tatu ni cha Chausiku. Ameshachagua ukuta atakaochora maua.

Wiki ile ile walikuja kuchimba. Shimo la saba likaangukia uani kwangu, kati ya jiko na banda la kuku. Shimo lenyewe dogo, kama la kupandia mahindi, na bendera imechomekwa. Kuku wangu mmoja akaamua kwamba wamemchimbia yeye.

*

Siku ya ufunguzi kila mmoja aliganda mahali pake. Baba Chausiku aligandia mlangoni akiwa na mswaki mdomoni. Mheshimiwa mmoja wa Wizara ya Mbolea akapiga mpira wa kwanza, ukapaa vizuri, ukaangukia uani kwa Bi Mwatum, ndani ya beseni la unga uliokuwa unaumuka. Walinzi wawili wakaruka ukuta kuufuata.

Sasa hapo ndipo Wizara ilipokosea, ingawa ilikuwa imefikiria mambo mengi. Kwetu huingii kwenye ua wa mtu bila kupiga hodi. Akiingia mtu kimya kimya, kwetu huyo ni mwizi, hata avae suti. Bi Mwatum alivumilia ukikwazo wake kwa muda wa kupepesa jicho, akapaza sauti: "Mwizi!" Mtaa mzima ukaganduka. Watu walitoka na mifagio, miiko, mmoja na mlango. Baba Chausiku alitoka na mswaki. Walinzi waliokolewa na gari la wagonjwa, ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa karibu na mgonjwa.

Wizara haikukubali kushindwa. Ilitoa agizo: kuanzia sasa, mchezaji ambaye mpira wake umeangukia kwenye kikwazo atapiga hodi mwenyewe, kwa sauti ya kusikika.

Hawakujua wamejifungia wapi. Maana hodi ikishapigwa, mtu ataitikia karibu. Akishakaribishwa, ataletewa kiti. Hawezi kuchukua mpira akiwa amesimama kama mdai kodi, itakuwa amedharau nyumba. Akishakaa, lazima asalimiwe, na salamu za kwetu hazina njia ya mkato.

"Habari za huko utokako?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Habari za hapa?"

Hapo sasa. Kwetu hata nyumba ikiwaka moto, mtu atasema kwanza nzuri. Maneno yenyewe huanzia kwenye ila.

"Nzuri tu, mheshimiwa, ila..." Bi Mwatum alimwambia yule wa Mbolea, akamimina chai. Ila bomba la maji halijatoa maji tangu mlizindue. Ila daraja mlilokata utepe limebaki utepe. Ila zahanati ina mlango na mlinzi wa mlango, ndani hamna kitu cha kulinda. Mheshimiwa anatikisa kichwa, kitumbua mdomoni, fimbo magotini. Hawezi kuondoka kabla chai haijaisha, na Bi Mwatum hajawahi kuacha kikombe cha mgeni kikaisha. Jua likazama waheshimiwa wakiwa bado shimo la pili, na waliokuwa nyuma yao wamejipanga foleni mlangoni kwa Bi Mwatum, kila mmoja na fimbo yake, wanasubiri kuambiwa ila.

Miaka yote tulikuwa tunatafuta ofisi zao. Sasa wao wanapiga hodi.

Furaha yetu haikudumu. Kapinga alirudi na kopo la rangi.

"Mchezo unachelewa," akasema, safari hii bila kipaza sauti, na macho yake hayakutaka kuonana na yetu. "Jumamosi Mheshimiwa Waziri anacheza mwenyewe, redio inarusha moja kwa moja. Akicheleweshwa, hapo hapo naweka X. Si mimi, jamani. Ni utaratibu."

Tulikaa sisi kina mama tukakubaliana. Jumamosi hakuna chai. Hakuna ila. Karibu, shikamoo, mpira wako huu, kwaheri. Bi Mwatum alilia kidogo, kwa sababu hajawahi kumpokea mgeni mikono mitupu tangu azaliwe. Lakini alikubali, na mkono wake aliuweka kwenye nondo zetu kama anamshika mgonjwa.

*

Mheshimiwa Lutambi alipita nyumba zote kwa haraka. Karibu, shikamoo, mpira huu, kwaheri. Mtangazaji wa redio alikuwa anakimbia nyuma yake na kinasa sauti, anahema: "Ndugu wasikilizaji, ukaribu huu haujawahi kutokea!" Mashimo sita yakapita. Watu walikuwa wanawafuata ukutani na juu ya paa, mtaa mzima.

Nilikuwa nimemkalisha Chausiku kwenye mkeka anachambua maharage, ili mikono yake iwe na kazi. Mimi nikasimama mlangoni pa jiko. Nikausikia mpira ukigonga bati, ukadondoka uani, kisha kimya.

"Hodi!"

"Karibu, mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba, mama."

Akaingia peke yake, maana hodi ilikuwa yake. Wengine wakabaki nje ya ukuta. Kwa karibu alikuwa mtu mfupi kuliko sauti yake. Ana koti refu la Kileleni, la baridi, na hapa kwetu jasho lilikuwa linamtoka hadi viatuni. Akaangalia bendera. Akaangalia chini. Akaangalia watu waliojaa juu ya ukuta wa jirani. Halafu, hata sijasogeza kiti, akakaa kwenye ncha ya mkeka wa mwanangu, akakunja miguu, koti likatandaa.

"Kiti hiki hapa, mheshimiwa."

"Hapa hapa panatosha, mama."

"Waziri ameketi mkekani!" akalia mtangazaji kutoka ukutani. "Ameketi chini na vikwazo! Unyenyekevu ulioje!"

Mimi nikainama kutafuta mpira. Nikatazama chini ya meza ya vyombo. Nikatazama bandani, nikamnyanyua kuku, akanidonoa. Hamna. Na kwa kuwa mtu hawezi kumwacha mgeni kimya, mdomo wangu ukaniponyoka, nikajikuta nauliza:

"Habari za nyumbani, mheshimiwa?"

"Nzuri," akasema. Akajifuta uso. "Nzuri, ila..."

Nilisimama na kuku mkononi. Sijawahi kumsikia mheshimiwa akisema ila.

"Mama," akaninong'oneza, "unajua kwa nini tulikuwa tunaenda mbali vile?"

"Si mlitengwa na nyasi zenu?"

"Kule Kileleni tulikuwa tunafika tumechoka. Tunapiga mara moja, mara mbili, ukungu unashuka, tunaingia ndani kunywa supu. Miaka yote hiyo, mama, hakuna aliyewahi kuona mpira wangu unaanguka wapi. Ukiwa mbali, ukikosa, watu wanasema pale ni mbali. Sasa angalia." Akaonyesha bendera kwa kidevu. Kutoka pale alipokaa hadi shimoni, Chausiku angefika kwa kutambaa. "Pale nikikosa, nitasema nini? Redio inasikiliza. Mke wangu anasikiliza. Rais anasikiliza."

Nilimhurumia, nasema kweli. Nikamwambia, kama ninavyomwambia mwanangu akiogopa kuanza kuandika herufi: "Jaribu tu, mheshimiwa. Ukikosa, jaribu tena."

Akanitazama kama nimemtukana kwa lugha anayoipenda.

"Mheshimiwa!" Kapinga aliita kutoka nje. "Hodi!"

"Karibu," nikasema.

Kapinga akaingia na kopo lake na brashi. Nyuma yake akaingia mtangazaji. Nyuma ya mtangazaji, mlango ukawa hauna tena hodi, wakaingia wote: wa Mbolea, walinzi, Bi Mwatum na mwiko, baba Chausiku ametoka kazini na miwani yake ya kuchomelea juu ya kichwa.

"Mpira uko wapi?" akauliza Kapinga.

"Tunautafuta," nikasema. "Haujaenda mbali. Niliusikia ukianguka."

"Mheshimiwa, uliuona?"

Waziri wa Ukaribu akatazama bendera. Akatazama kinasa sauti, ambacho mtangazaji alikuwa amekisogeza mpaka kwenye ndevu zake. "Hapana," akasema. "Nadhani umepotea."

"Basi kikwazo kimeumeza," akasema Kapinga taratibu.

"Nyumba haimezi kitu, mwanangu!" Bi Mwatum akamvamia. "Nyumba ina koo?"

"Sharti ndivyo linavyosema, bibi."

Watu wakaanza kutafuta. Mtaa mzima ulipiga magoti uani kwangu. Walitafuta kwenye kuni, kwenye majivu, ndani ya ndoo. Mlinzi mmoja alichungulia hadi ndani ya buli. Baba Chausiku alipanda juu ya bati. Mheshimiwa wa Mbolea alikuwa anamhoji kuku. Mimi nilimwaga maharage yote mkekani nikayapekua punje kwa punje.

"Mheshimiwa, hebu nyanyuka kidogo tutazame na mkeka," nikasema.

"Mgongo, mama," akajibu, hakunitazama. "Mgongo wangu umekataa."

"Ndugu wasikilizaji," mtangazaji akanong'ona kama yuko msibani, "Waziri amegoma kusimama mpaka mpira wa taifa upatikane. Amekaa kwa uchungu. Anaonekana kabisa hakai vizuri."

Kapinga akafungua kopo. Harufu ya rangi ikajaa ua. Akachovya brashi, akaipangusa ukingoni ili isidondoke, akaenda kwenye ukuta wa chumba cha tatu, ule mfupi wenye nondo, ule wa maua. Alipiga mstari wa kwanza wa X, kutoka juu kwenda chini. Baba Chausiku, huko juu ya bati, akakaa chini akashika kichwa. Mimi nikasikia rangi ikitiririka tofalini.

Brashi ikanyanyuka kwa mstari wa pili. Kinasa sauti mtangazaji alikuwa amekiweka mkekani mbele ya waziri, taa yake nyekundu inawaka. Chausiku, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza chochote siku nzima, akaweka chini ganda la haragwe alilokuwa nalo mkononi, akasogea hadi kilipo, akasema kwa sauti ya kusikika nchi nzima:

"Mpira ameukalia huyu baba."